Mkanda Niliouacha Ulingoni

Temeke, Jumapili

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Sie hatujambo, na mguu wa bibi yako umepona. Umeuliza kwa nini sikuwahi kuwa bingwa wa mieleka. Leo nakueleza yote, bila kuficha.

Siku za kazi nilifunga maboksi kiwandani Mikocheni; Jumamosi nilipanda ulingoni. Kabla ya pambano, wapiganaji tulionyeshana panapouma. Siku ya kugombea mkanda nilichelewa kutoka kazini, nikapanda bila kuonana na mpinzani wangu, Shomari, mchonga vinyago.

Nilipomnyanyua juu, ukumbi ukalipuka: "Mbwage, Mzee wa Maboksi!"

Shomari akaninong'oneza, "Kaka, bega langu bovu."

Mkono ule ndio uliowalisha wanawe. Nikamlaza chini taratibu, nikashuka ulingoni. Mkanda akapewa yeye.

Jumatatu wenzangu kiwandani wakanipokea: "Karibu, bingwa wa kubembeleza!" Nilicheka nao, lakini iliniuma kwa muda mrefu.

Nasikia nawe umeanza judo shuleni. Nijibu mapema, tena kwa kweli: ungeweza kumshusha mwenzako taratibu huku ukumbi mzima unakuzomea?

Babu yako