Mume Wangu Yuko Jangwani

Ijumaa, 4 Julai

Wameondoka baada ya alfajiri. Gari limeinama nyuma kama ng'ombe mwenye mimba. Kiti changu kimekaliwa na mashine ya kufulia — zawadi ya kumpelekea mama yake Kadiri, huko Moroko, lami inapokwisha na jangwa linapoanza. Nikamwambia Kadiri: mkwe wangu, mashine umeifunga mkanda, mimi umenifungia nyumbani! Akacheka. Binti yangu Rukiya hakucheka. Magoti yako, Mama. Njia ni ndefu, Mama.

Magoti haya haya yalimvusha mpaka wa nchi, yeye akiwa mgongoni.

Mjukuu wangu Shabani kalilia dirishani mwa gari. Ana miaka mitatu, jina ni la marehemu mume wangu, basi namwita mume wangu na mwenyewe anajua. "Mke wangu, njoo!" Ganshoren yote, mtaa wetu hapa Brussels, imelala, yeye anapiga kelele. Dada yake Yusra akamziba mdomo.

Sifagii. Msafiri hafagiliwi nyuma mpaka afike, usije ukamfagia asirudi.

Jumapili, 6 Julai

Wako Hispania. Wamepiga simu kwenye kituo cha petroli. Yusra anasema, Nyanya, huku ni vumbi tu, hata mti umekataa kuota. Shabani kavua nguo zote, kabaki na kofia! Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa. Halafu frigo ya jikoni ikaanza kunguruma, nikakaa kuisikiliza.

Nimepika wali wa watu watano. Mkono haujui kupunguza.

Jumatatu, 7 Julai

Jirani wa chini, Marie-Jeanne, mama wa Lubumbashi, kapanda kuniona. Kasimama mlangoni. "Maman, hii ni nyumba ao banda ya kuku?" Makombo ya biskuti za Shabani kila mahali. Nikamweleza. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Bon, Maman, bale batoto beko na GPS. Fagio yako itabapoteza namna gani?" Akashika ufagio. Nikamnyang'anya! Vikongwe wawili tunavutana ufagio sebuleni. Mwisho tukanywa chai, miguu juu ya makombo.

Alipoondoka nikatamani turudie ugomvi.

Jumatano, 9 Julai

Kimya. Walinionya, jangwani simu haishiki. Najua. Nimelala nayo kifuani hata hivyo.

Herufi hizi kanifunza Yusra. Hayupo wa kunisahihisha. Naandika ninavyosema.

Alhamisi, 10 Julai

Wamefika! Alhamdulillahi! Nimefagia nyumba nzima, na ngazi za watu pia.

Nimemwona mama yake Kadiri kwenye simu, Mama Zohra. Mwembamba, jino moja la dhahabu. Shabani kakaa mapajani pake, analishwa tende. Nikaita, mume wangu! Hakugeuka. Nikasema, wewe mama, umeninyang'anya mume! Maneno yetu yana safari: yeye kwa Kadiri, Kadiri kwa Rukiya pale Kiswahili kinapomkwama, Rukiya kwangu. Utani ulipomfikia akacheka mpaka akapangusa machozi. Akajibu: basi sisi ni wake wenza, na sasa ni zamu yangu.

Ana ulimi huyu! Nikacheka.

Simu ilipozima mdomo wangu ulikuwa bado umecheka. Nikaufunga.

Jumamosi, 12 Julai

Haukuwa utani.

Rukiya kapiga kwa sauti ya chini, kajificha nyuma ya gari. Mama, kwanza keti. Nimeketi. Mama Zohra kamwomba Shabani. Abaki naye mpaka kiangazi kijacho. Mumewe alifariki wakati wa baridi, nyumba imebaki ya mbuzi na redio. Kadiri hawezi kumkatalia mama yake. Rukiya hawezi kumkatalia mama mkwe. Wakasema: mkubwa wetu yuko Brussels, aulizwe yeye. Wamenitupia mimi!

Nikasema hapana. Mtoto si mashine ya kufulia.

Rukiya kapunguza sauti zaidi. Halafu: "Mama, na Yusra je?"

Yusra alipoacha ziwa nilimwomba, nikapewa. Wao walikuwa Liège, mimi hapa. Kalala kitandani mwangu mpaka walipohamia kwangu. Kadiri alikataa mwanzoni. Mimi ndiye niliyemwambia: kwetu Buyenzi, nyanya akiomba mjukuu hanyimwi, wewe huna mila?

Kumbe Kadiri alisikia.

Jumapili, 13 Julai

Neno langu liko tayari tangu asubuhi. Hapana. Nimelisema jikoni, nimelisema mbele ya kioo. Linatoka vizuri.

Wamepiga. Rukiya kamwita Kadiri aje afasiri, kaiacha simu mbele ya Mama Zohra. Yangu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Naandika ili mkono upate kazi. Tunaangaliana, yeye na mimi, hakuna wa kutusemea. Kavaa mtandio mpya. Na mimi nimevaa wangu mpya! Nyuma yake Shabani kalala kwenye mkeka, tumbo wazi, mchanga mpaka nyusi.

Kadiri kaja. Rukiya nyuma yake, macho mekundu, ndiye kasema: "Haya, Mama. Sema."

Nimefungua mdomo, hapana haikutoka. Nimesema: usiku huko kuna baridi, anafunikwa na nini?

Mama Zohra kafasiriwa swali. Kainuka, kapotea. Sasa karudi na blanketi, zito, la sufu, anageuza upande huu, anageuza upande ule, analisogeza mpaka limejaa kioo chote cha simu na yeye simwoni. Anazungumza tu, hanyamazi.

Kadiri bado hajaanza kufasiri jibu la mama yake.