Turubai la Bluu Nyuma ya Nyumba Yetu

Shosho,

Nyanya yangu, ulikuwa sahihi kuwa na wasiwasi. Naanza na hilo kabla hata ya kukusalimia, maana najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza.

Tulirudi hapa Buruburu, Nairobi, kutoka kukuzika, na kabla Mama hajamaliza kurudisha viti vya watu, mabati yakawa yamezunguka uwanja wa nyuma. Uwanja wote. Pale watoto wanapochezea mpira, pale Mama Wanza wa nyumba ya pili anapoanika mahindi, na ile pembe yako ya mboga, sukuma wiki. Aliyeyaleta hatukumjua. Alikuja na gari kubwa, akatabasamu sana, akampa Mama pole kwa msiba. Alijuaje kwamba tumefiwa? Nilimuuliza Mama, naye akasema, "Njoki, usianze." Anasema nilipopewa jina lako nilipewa na macho yako.

Sisi tunamwita Bwana Mabati. Anadai uwanja ni wake tangu zamani, na kwamba ghala lake limekuwa pale miaka yote mpaka alipolibomoa juzi ajenge ghorofa. Ghala, Shosho! Kwenye mkutano wa wakazi akatoa picha kubwa iliyopigwa na setilaiti, akaibandika ukutani.

"Hata huko juu wanalijua," akasema, akigonga kidole kwenye mraba wa bluu. "Hilo ni paa langu."

Watu walisogea kuitazama, na picha yenyewe ilikuwa ya kweli. Niliona nyumba yetu, niliona tangi letu la maji, na kwenye pembe ya uwanja niliuona ule mraba wa bluu. Mimi nilijua ni nini. Nilitamani uwe umekaa pale kwenye kiti cha mbele, na kitambaa chako kichwani, umpigie kelele mpaka atoke.

Unakumbuka siku niliporudi kutoka shule nikakwambia kwamba kuna mitambo inayozunguka dunia huko juu na kutupiga picha, mpaka mapaa yanaonekana? Nilidhani utafurahi. Ulisimama ukauliza, "Na sukuma zangu?" Nikasema labda. Ukauliza nani amewapa ruhusa. Wiki hiyo hiyo ulienda sokoni Eastleigh ukarudi na turubai la bluu, ukalifunga juu ya miche yako kwa vijiti vilivyonifika magotini. Mama Wanza alikucheka: "Shosho, setilaiti itafanya nini na sukuma zako? Itapika?" Ukamjibu, "Anayekuchungulia bila kubisha hodi hajakuja kwa wema."

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Kitu ulichokifunga ili wasione kitu ndicho walichokiona, na mtu mwingine amekichukua akakiita paa lake. Usiku ule nililia kwa hasira. Nilikukasirikia hata wewe, kidogo.

Kesho yake nilimweleza Mwalimu Atieno, anayetufundisha jiografia. Ungempenda, maana naye haamini vitu upesi. Alisema, "Usiiamini picha kwa sababu tu inatoka juu. Iulize ilipigwa lini, na jua lilikuwa upande gani." Akanifungulia kompyuta ya shule na kunionyesha namna ya kurudi nyuma, picha moja baada ya nyingine, uwanja ule ule katika miaka tofauti.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vivuli. Picha ya Bwana Mabati ilipigwa asubuhi, na kila kitu kilichosimama kimelaza kivuli chake upande wa magharibi: nguzo ya nyaya za stima, tangi letu, hata ukuta wa Mama Wanza. Mraba wa bluu hauna kivuli cha kuonekana. Ghala gani linafika magotini?

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Nilikuwa nimekwambia kwamba mawingu huzuia setilaiti za namna ile zisione chini, nawe kila mvua za masika zilipoanza ulilifungua turubai, ukasema, "Sasa wamefungwa macho, acheni miche ioge." Nikazitafuta picha za masika. Karibu zote zilikuwa mawingu matupu, meupe kama pamba. Nilikaribia kukata tamaa. Lakini moja ilikuwa na tundu katikati ya mawingu, na ndani ya tundu kulikuwa na uwanja wetu. Hapakuwa na bluu. Palikuwa na kijani tu, pale pale. Walikupata, Shosho, siku uliyodhani hawakuoni.

Kwenye mkutano wa pili nilisimama na picha zangu. Nilianza na vivuli. Bwana Mabati akasema kivuli kinaweza kufutwa na kompyuta, na akamuuliza Mama kama siku hizi watoto ndio wanaofundisha wazee. Mwenyekiti wa wakazi akasema tusikilize pande zote, ingawa upande wetu alikuwa anaukatiza. Ndipo nikaonyesha picha ya masika. Mama Wanza akainuka, akaitazama, akamgeukia.

"Mzee, paa gani hilo linaanuliwa mvua ikija?"

Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Hata mwenyekiti alicheka, kisha akakumbuka akaacha. Hilo nimeliweka moyoni. Alikumbuka nini, au yuko upande wa nani?

Afisa wa ardhi alikuja, akachukua picha za pande zote, akaamuru hakuna ujenzi mpaka uamuzi utoke. Mama anasema tumeshinda. Mimi sijasema hivyo. Mabati bado yamesimama. Jana Bwana Mabati alipita, akateremsha kioo cha gari, akanisalimu kwa jina. Mimi sijawahi kumwambia jina langu. Lakini picha zangu nimempa Mwalimu Atieno nakala, na Mama Wanza nakala, na nyingine sitaandika hapa nimeificha wapi. Umenifundisha vizuri.

Limebaki jambo moja. Katika picha moja ya zamani, kando ya turubai, kuna kinukta cheusi. Mwalimu alisema kinaweza kuwa ndoo. Sikubishana naye. Nimekitazama mara nyingi, na nimejikataza kuamini haraka, kama ulivyonizoeza. Huenda ni ndoo kweli. Lakini kina kivuli, kimelala upande wa magharibi kama vya vitu vingine, na ndoo haina kivuli kirefu hivyo. Na ni nani mwingine angesimama asubuhi kwenye sukuma zako, akizilinda?

Turubai liko chini ya kitanda changu. Bado linanuka udongo. Nakuahidi kwamba siku mabati yatakapong'olewa nitapanda miche pale pale, na kiangazi nitalifunga turubai kwa vijiti vile vile, na masika nitalifungua. Na wakileta picha nyingine, au karatasi, nitaisoma mpaka mwisho kabla ya kutabasamu.

Pumzika sasa, Shosho. Zamu ya kulinda ni yangu.

Walikuona. Najua hutapenda. Mimi nimefurahi.

Mjukuu wako mwenye jina lako,
Njoki