Kijivu Kimewaka

Mpendwa Baba,

Kamwene, na shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha na baridi ya Makambako haijakufungia ndani. Goti la Mama linaendeleaje? Sisi huku Nachingwea ni wazima. Mama mdogo analalamika tu kwamba nasoma mpaka ugali unapoa.

Ningekupigia simu, lakini unanijua. Kwenye simu maneno yangu hujificha, nabaki kusema "ndiyo Baba" mpaka salio linakwisha. Hii ni habari ya kuandika. Kijivu kimewaka!

Najua utauliza kilizimika lini. Baba mdogo alituomba tusikwambie. Wewe ulimpa gari lako alipohamishiwa huku kuwa bwana shamba, akaona aibu kwamba limemfia mikononi. Lilizimika mvua zilipokuwa zinaisha. Ukipiga stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki. Tangu hapo alikwenda kwa wakulima kwa pikipiki za kukodi, na mwishowe akamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Yule mtu alikizunguka Kijivu mara moja, akachora alama ya chaki mlangoni, akasema, "Jumamosi nakuja na winchi."

Niliitazama ile chaki, Baba, nikashindwa kula. Ndani ya gari hilo ndimo ulimonifundisha kusoma, kwa mabango ya barabarani.

Fundi Issa, jirani yetu, alikuwa amehangaika nalo sana. Cheche za plagi zipo, pampu ya mafuta inaunguruma, lakini plagi zikitolewa ni kavu. Maana yake nozeli hazirushi petroli. Alikwisha kuzisafisha, akaamua zimekufa zote nne, na nyingine hazipatikani huku.

Ijumaa jioni nilimpelekea chai. Nilisimama na kikombe mpaka akaniuliza, "Binti bwana shamba, chai yangu au yako?"

Nikasema polepole, "Fundi, nozeli nne zinawezaje kufa siku moja?"

"Umesema?"

"Labda zenyewe ni nzima. Labda umeme hauzifikii."

Akacheka. "Vitabu havipigi stata, mwanangu." Kisha akaifuta mikono, akachukua taa yake ya kupimia. "Haya, panda, washa swichi."

Akagusa soketi ya nozeli ya kwanza. Taa haikuwaka. Ya pili, ya tatu, ya nne, giza tupu. Akanitazama kwa jicho lingine kabisa. "Kumbe tulikuwa tunamzika mtu aliye hai," akasema.

Fyuzi ilikuwa nzima. Waya unaopeleka umeme kwenye nozeli zote ni mmoja, nao unaingia ndani, nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Fundi aliufuata upande wa injini hakuona kasoro. Mimi niliinua zulia miguuni pa abiria, nikakuta vumbi la njano limegandana kama unga uliolowa.

Unajua huku mikorosho hupulizwa salfa. Na salfa ikilowa ni hasara, kwa hiyo siku za mvua Baba mdogo alikuwa akiuweka mfuko mbele, miguuni pa abiria, kuliko nyuma kunakovuja. Kumbe mfuko ulikuwa umetoboka. Nikakumbuka somo la kemia, shaba ikikutana na salfa hugeuka nyeusi. Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, nikapapasa, nikakuta kiungo cha waya kilichofungwa tepu. Fundi alipoifungua, shaba ilikuwa nyeusi kama mkaa, ikakatika kwa kuguswa tu.

Baba, usikasirike, lakini kile kiungo ni chako. Ni pale ulipochukua umeme wa redio. Nimeitambua ile tepu nyekundu.

Giza lilikuwa limeingia, tukaacha. Asubuhi Fundi alikata sehemu yote iliyooza, akaunga waya mpya kwa risasi ya kuyeyusha, akafunga vizuri. Tulikuwa tunarudisha zulia, mara gari la winchi likaingia uani. Mnunuzi akashuka na mnyororo begani. "Mzigo uko tayari?"

Baba mdogo akamwangalia Fundi. Fundi akanipa ufunguo.

Nilipiga stata. Kikakohoa, kikazima. Mnunuzi akaguna, "Acheni kumtesa marehemu." Nikapiga tena. Baba, kiliwaka! Mama mdogo alipiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi, Fundi akawa anapigapiga boneti akipaza sauti, "Kanyaga! Kanyaga!" Mnunuzi alikunja mnyororo wake, akaondoka hata chai hakunywa. Mimi nilichukua kitambaa nikaifuta ile chaki.

Mchana huohuo tulikwenda Ruangwa, mpaka Matambarale, wakulima walikuwa wanasubiri salfa. Mfuko ulikaa nyuma, umefungwa kwa turubai. Bibi mmoja mwenye mikorosho akatupokea kwa mshangao. "Bwana shamba, gari hili si tuliambiwa limekufa? Nani kalifufua?"

Nikangoja Baba mdogo ajibu. Akajifanya anafungua turubai.

"Mimi, Bibi," nikasema.

"Nani? Sisikii, mwanangu."

Wewe umeniambia "ongeza sauti" tangu nikiwa darasa la kwanza. Safari hii niliongeza. "MIMI!" Hata kuku walikimbia.

Msalimie sana Mama, na Bibi anayeniombea kila asubuhi, na kaka Festo kule gereji, mwambie akikwama aniandikie. Mdogo wetu Tumaini nimemwekea karanga alizonipa yule bibi. Baba mdogo anakuomba radhi, na anasema utakapokuja atakupokea stendi kwa Kijivu chako mwenyewe.

Redio bado haiimbi. Kiungo chako sijakirudisha.

Mwanao akupendaye,
Upendo