Gemu Zako Juu ya Mtama

Wandera, bwanangu,

Nilikuita bwanangu tangu ukinyonya, kama nyanya yeyote wa kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na kufa kwako hakujanipa talaka. Anayeandika ni dadako Nekesa, maana mimi kalamu sikufundishwa kushika. Nimemkataza kunilainishia maneno.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, baada ya kukuzika, wazee waligawa vitu vyako. Ikafika ile mashine nzee ya gemu ya kibanda chako cha Malaba. Vijana wakanyang'anyana sidii za mpira, zile zingine wakazicheka. Baba yako mdogo Ojiambo, huyu mwanangu anayejiona wakili kwa sababu anakimbiza makaratasi ya malori pale mpakani, akasema mashine ni chuma chakavu, nichukue nikakalie. Nikachukua. Na sidii zilizobaki? Akasema atazitafutia kazi.

Kazi yenyewe ndiyo hii: alizipitisha kamba akazitundika kwa mtama wake, eti zing'ae zifukuze ndege. Gemu zako, Wandera. Na ndege wenyewe walishazizoea, wanakula mtama wakijitazama. Hata ndege wanamdharau Ojiambo.

Nikaenda na panga nikakata kamba zote. Akaja mbio: "Mama, hizo ni gemu hakuna mtu anataka."

Nikamwambia, "Hata wewe hakuna aliyekutaka ila mimi."

Sisemi yeye tu. Wale wateja wako wa kibandani, madereva na mataniboi wanaowasaidia, wanangoja malori yavuke Uganda wakicheza mpira ule ule kila siku, wakishangilia goli kama ni miguu yao ilikimbia. Ukiwawekea ile ya kuvua samaki, wanasema ni ya wazee. Ukiwawekea ile ya lori la magogo mlimani, taniboi mzima, anayekula kwa lori, analipindua kona ya kwanza, halafu anasema gemu ni mbaya. Mimi nilifika juu na magogo yangu yote. Ulinicheka ukanishika mabega, ukasema, "Kukhu, gemu nzuri ni ile inakungoja." Hayo ndiyo masomo yangu.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwa ile ya shamba. Nilikuwa nakuletea chakula, unanisogezea stuli, tunalima pamoja. Sikuhitaji kusoma, wingu jeusi ni wingu jeusi. Ulipolazwa, ng'ombe wetu mwekundu alikuwa na mimba, na kule hospitali ulikuwa ukiniuliza habari zake kama mtu aliyeacha boma kweli. Uliniachia neno: nisimwache.

Sasa sidii yake ndiyo ilikuwa imekwaruzwa zaidi. Niliiosha kwa sabuni, nikaipangusa na leso. Mashine ikakoroma, ikaonyesha weusi. Nikaitoa, nikaipangusa tena, nikakuita kwa jina. Nikairudisha ndani.

Ikafunguka.

Ng'ombe yuko palepale kando ya ua. Hajakonda. Yule mtu mdogo uliyemvalisha kofia ameshika jembe, anangoja aambiwe. Huko hakuna aliyewapa habari. Nililia mpaka Nekesa akanishikia pedi ya kuchezea, kisha nikamnyang'anya, maana analima vibaya.

Ng'ombe alizaa, bwanangu. Ndama dume. Jina lako sikumpa. Hilo namwekea mtoto ambaye Nekesa atamzaa, na sasa anaandika amenikunjia uso.

Ojiambo alikuja jana akaomba kujaribu lori. Nikamketisha kwa stuli yako. Akalipindua kona ya kwanza. Nimemwambia arudi, mjinga ni wangu, nitamfundisha.

Basi lala, Wandera. Ng'ombe nitamchunga, samaki nitavua, na mpira hautaingia kwa mashine hii nikiwa hai. Siku nikija huko, niwekee stuli.

Mkeo wa kwanza,
Kukhu