Kiti Kina Mwenyewe

Mama,

Salamu zikufikie huko uliko. Ni mimi Kassimu, yule uliyesema kichwa chake ni cha kuoteshea nywele tu. Leo nina habari.

Dada Zuhura amehitimu. Miaka mitatu kamili, haukuzidi hata muhula! Wenzake kibao wanarudia, maana chuo kile cha Doornfontein kimejaa hadi watu wanakaa kwenye ngazi. Ukichelewa, unamsikiliza mwalimu ukiwa mlangoni.

Na nani alimhitimisha? Mimi, niliyeishia darasa la saba. Asubuhi yeye akikuogesha na kukunywesha uji kule chumbani kwetu Berea, mimi nishafika darasani, safu ya pili, begi lake kwenye kiti cha pembeni. Akija mtu namwambia, "Kina mwenyewe." Siku ile mwalimu aliponinyooshea kidole nijibu swali, nikamwambia, "Eish, Profesa, mimi natunza kiti tu." Darasa zima hoi. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa, nikajuta.

Ulipoondoka zilibaki wiki mbili mitihani ya mwisho ianze. Watu wa Tanga wa jengo zima, wenzetu wa huku ugenini, walikuja kukusomea hitima. Baada ya hapo Zuhura akafunga vitabu. "Kassimu, siwezi. Nitarudia mwakani."

Nikamwambia neno zito, Mama, nisamehe: "Mama kashasomewa hitima, wewe unamnyima kuhitimu kwako?"

Alinizaba kofi. Kisha akalia, nami nikalia. Nilipoamka asubuhi, begi halipo. Kaenda kujiwekea kiti mwenyewe.

Siku ya mahafali kila mhitimu alipewa nafasi mbili za ndugu. Moja nikakaa. Ya pili nikatandika mtandio wako wa kijani. Akaja mama mmoja wa Kizulu, mtu mzima, miguu imevimba, akauliza kama kile kiti kina mtu. Nikafungua mdomo niseme kina mwenyewe. Sauti haikutoka. Mimi, Mama, ninayeongea hadi usingizini!

Nikauchukua mtandio, nikampisha. Najua ungenifinya nisingempisha. Akaniuliza namsubiri nani, nikamwonyesha. Jina la Zuhura liliposomwa, yule mama akasimama na miguu yake ile, akapiga kigelegele kirefu. Zuhura akageuka pale jukwaani, ghafla, kama aliyeitwa na wewe.

Sasa nikuungamie. Kwenye hitima yako nilipewa juzuu nisome, nikawa nachezesha midomo tu kama samaki. Madrasa niliitoroka, unajua. Hakuna aliyegundua, lakini wewe ulikosa juzuu moja.

Nimerudi madrasa, Mama. Nasoma na watoto wa miaka minane, wananicheka, nami nawafunga kwenye mpira. Mwaka ukitimia tutakusomea tena, na juzuu yangu nitaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi.

Lala salama, Mama. Safari hii nitatoa sauti.

Mwanao,
Kassimu