Vishimo Ndani ya Keni ya Mama

Mpendwa mama,

"Stenlesi haishiki kutu. Maziwa yakichacha, mlaumu anayeosha keni." Hayo aliyasema muuza vyombo mmoja sokoni Biharamulo juzi, mbele ya wateja, nami nikamrukia. Ni uongo. Stenlesi, chuma cha hizo keni za maziwa, ina ngozi nyembamba inayoilinda. Ukiilaza na dawa ya klorini usiku kucha, dawa huitoboa ngozi hiyo hapa na pale. Keni hubaki inang'aa, kumbe chini ya kila doa la kahawia pana kishimo kinachozidi kuchimbika, kama mdudu kwenye punje ya mahindi. Maziwa ya jana hujificha humo, na hakuna brashi inayoyafikia.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Dada, si wewe uliyetufundisha hivyo kwenye kikundi cha maziwa pale Nyamigogo?"

Shikamoo, mama. Ni mimi.

Vibuyu vyako ulivyovifukiza moshi, hadi maziwa yakanukia jiko lako, niliviita ushamba. Nikakuletea keni, nikakuamuru uilaze na dawa, tena nyingi kuliko inavyoelekezwa. Siku moja ulipitisha ukucha ndani yake ukasema, "Hii imeota ndui, mwanangu." Nikakujibu kwamba chuma hakiugui, labda mikono yako haisugui.

Kisha kikundi cha maziwa kikakurudisha na keni yako mbele ya majirani, wakisema unachanganya maziwa ya asubuhi na yaliyolala. Nilikuwepo. Mimi ninayegombana na kila mtu, siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu niliwaamini wao. Ukafungasha nguo, ukarudi kwenu Nyakisasa, Ngara, kwa mjomba. Nikipiga simu anasema umelala, hata kama ni mchana wa jua kali.

Keni ninayo hapa mezani. Napitisha ukucha pale ulipopitisha wako, unakwama.

Sikuombi urudi, mama. Ninaowaambia ni ninyi, wanakikundi wa Nyamigogo, mtakaosomewa barua hii. Mlimkataa hadharani, msimsafishe kwa kunong'ona. Nitaileta keni hii asubuhi ya kupokea maziwa. Pitisheni kucha zenu ndani yake mbele ya majirani walewale, mseme kwa sauti kwamba hakuchanganya maziwa. Halafu mpigieni simu ninyi. Yangu hapokei.

Binti yako mwenye mdomo