Dionis wa Mitole, Sauti Yako ya Shambani

Mwaka umezunguka, Dionis, tangu tulipokurudisha nyumbani Mitole kukuzika, kutoka Nangurukuru ambako pikipiki ilikuangusha. Ufuta umekauka tena shambani kwako. Mama yako, Apolonia, ameuvuna na kuufunga miganda peke yake, maana kila aliyejitolea kumsaidia alianza kwanza kukusimulia, na mama hapendi wanavyokusimulia.

Wanasimulia kigugumizi. Tangu shule ya msingi walikuita Dididi, kwa sababu jina lako mwenyewe ndilo lililokuwa likikukwama kuliko maneno yote. Mwalimu akiita mahudhurio, darasa zima limeshajiandaa kucheka. Dukani ulikuwa unanyoosha kidole tu. Mama alizoea kukumalizia sentensi, mpaka siku ulipomwekea kiganja mdomoni, taratibu, ukitabasamu. Hakurudia tena.

Halafu ukanunua simu. Mama anapenda kuisimulia siku ile aliyokuletea chakula shambani, akasikia mwanamume anaongea nyuma ya miganda ya ufuta, maneno yanamiminika. Akajua umepata mgeni, tena mgeni wa maana. Akajifunga kanga yake vizuri, akapiga hodi kwa sauti ya heshima. Ukatokea peke yako. Simu ulikuwa umeibana kwenye kijiti ulichokipasua.

"Mgeni yuko wapi?" akauliza.

"Ni mi-mi-mimi, mama."

Ukambonyezea asikilize. "Shikamooni wakubwa! Wadogo, mambo vipi? Mnaongea na Dionis Benedikto, Dionis wa Mitole." Jina zima, la kwako na la baba yako, bila kukwama popote. Mama akakaa chini palepale, akalia, akakuomba uirudie.

Ulimweleza kwamba ukiwa peke yako na simu ulimi unafunguka, na ukikwama unafuta unaanza upya. Siku nyingine ulifuta asubuhi nzima. Ulichokipata uliwarushia watu mtandaoni: namna ya kusimamisha miganda isipukutike, maneno ya Kimatumbi ambayo vijana wa Lindi mjini wameyasahau, na koti la baba yako, mzee Benedikto, asilolivua hata jua likiwa la utosi. Watu wa kule Mtama wakaanza kukuuliza habari za mbegu, tena wakikuita mwalimu. Nasi tukaona mabadiliko hapa nyumbani. Ulianza kuagiza dukani kwa mdomo. Ilichukua muda, lakini mwenye duka alisubiri, maana alikuwa anaongea na Dionis wa Mitole. Hatukuwahi kukuona na raha kama ile.

Ndiyo maana kwenye harusi ya dada yako Antonia uliomba wewe mwenyewe uitambulishe familia. Ukashika kipaza sauti, ukasalimia, ukafika kwenye jina lako. Likakwama.

Valentini alikuwa mbele na simu yake mkononi, anarekodi. Valentini ni mtani wetu, upande wa baba, na utani wake tumeuzoea. Aliwahi kumfunga mbuzi wa mzee Benedikto kwake, akadai fidia ya jogoo, tukacheka wiki nzima. Pale ukumbini alisimama akakuigiza papo hapo, ukumbi ukacheka, na wewe ukacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Laiti angeishia hapo! Jioni akairusha ile video mtandaoni, akaandika juu yake: "Dionis wa Mitole, toleo halisi."

Sasa huko mtandaoni nani mtani wa nani? Watu wasioijua hata njia ya kufika kwetu walikuita tapeli. Walisema ile sauti ya shambani umeikodi kwa mtu. Wengine wakarekodi watoto wao wakikuigiza. Mama alikwenda mwenyewe hadi kwa Valentini.

"Mama jamani, si utani tu?" alimjibu. "Nimeshafuta."

Alifuta ya kwake, kweli. Zile walizokwishachukua wengine zinatembea mpaka leo. Wewe hukurekodi tena. Kijiti chako kilibaki kimechomekwa shambani, na dukani ukarudia kunyoosha kidole. Mama alikuona kwa mbali siku moja, akageuza njia ili usijue kwamba amekuona. Hilo limemuuma kuliko matusi yote.

Ulipofariki, walewale waliocheka waliandika "pumzika kwa amani" chini ya nakala za video ileile. Walikuwa wengi kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuja kushika jembe.

Valentini alikuja. Haki yake tunampa: alichimba kaburi lako juani bila kupokewa, kama mtani anavyotakiwa. Kisha, kwa mila ileile, akasimama mbele ya wafiwa kukuigiza. Alishika kipande cha mti kama simu. "Di-di-di-di..." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Baba yako alitabasamu kidogo, kwa adabu. Mama aliinamisha uso kwenye kanga yake, na wengi walidhani ni kilio peke yake. Ilikuwa hasira, mwanetu, na hakuwa na ruhusa ya kuitoa.

Ameikalia mwaka mzima, na sasa ameipatia njia. Jumamosi, baada ya misa ya kumbukumbu yako hapa kigangoni, watu watakula nyumbani, na watani wote wamealikwa. Valentini ametumiwa ujumbe wa peke yake. Wafiwa nao wana haki ya kumtania mtani, na mama anaidai haki hiyo hadharani, mbele ya wali na nyama. Ataifungua simu yako, sauti ikiwa juu kabisa, usikike mwenyewe tangu shikamooni hadi namna ya kusimamisha miganda. Watoto ambao wanamjua Dididi peke yake watasikia. Ukishamaliza, Valentini atasimama akuigize hivyohivyo, neno kwa neno, na jina lako lote.

Baba alimuuliza mama, "Na akikwama?"

"Nitacheka mpaka nianguke," mama akasema. "Na yeye asithubutu kununa. Si utani tu?"

Unakumbukwa na mama yako Apolonia, baba yako mzee Benedikto, dada yako Antonia na shemeji yako Ignatius, mdogo wako Jenipher, na watani wako wote, Valentini akiwamo, apende asipende. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Dionis Benedikto, na jina lako tutalitaja zima, kama ulivyolitaja mwenyewe shambani.